Kiba alivyorudi na albamu ya mahaba, hukumu ikatolewa kwenye foleni ya Tunduma

TUNDUMA. Mechi ya usiku ikiisha, vibanda umiza vya Tunduma havifungwi mara moja. Mwenye kibanda anapunguza sauti ya runinga, anachomeka simu kwenye spika, na wale ambao dakika tano zilizopita walikuwa wanashikana mashati kwa sababu ya penalti wanajikuta wanaimba wimbo mmoja. Wa Simba anaimba, wa Yanga anaitikia. Utingo aliyekuja kuangalia mpira akiwa amejifunika shuka kwa sababu ya baridi naye hayuko nyuma.

Nje, malori yamejipanga. Mengine yanakwenda Zambia na Congo, mengine yamebeba shaba kuja Bandari ya Dar es Salaam. Foleni ikikaa vibaya, dereva anaweza kulala hapa zaidi ya usiku mmoja. Kazi yake inakuwa ni kunywa chai, kuangalia soka na kusikiliza muziki. Mtu wa namna hiyo hasikilizi wimbo mara moja akatoa maoni. Anausikiliza mpaka aujue pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Hao ni wachambuzi wasioalikwa studio. Hawana kipindi redioni, hawana safu gazetini. Lakini kama kuna albamu iliyohitaji wasikilizaji wa aina yao, ni ile ambayo Ali Saleh Kiba, maarufu Alikiba, aliitoa Oktoba 7, 2021 na kuiita Only One King.

Ilikuwa albamu yake ya tatu. Ya pili ilitoka mwaka 2009. Hesabu ni miaka 12, na kwenye soka miaka 12 ni maisha mazima ya mchezaji. Kinda anapandishwa kutoka timu ya vijana, anakuwa nyota, anauzwa, anaumia goti, anarudi nyumbani na kumalizia Championship. Kiba alikaa muda wote huo bila albamu, kisha akarudi na nyimbo 16, nyingi zikihusu jambo lilelile lililompa jina tangu mwanzo. Mapenzi.

Swali ambalo wapenzi wa soka wanalijua vizuri kuliko watu wote ni hili: anayerudi baada ya muda mrefu anapimwa kwa kipimo gani?

TUNDUMA ILIPOKUWA MBEYA

Ili kuelewa uzito wa miaka ile, angalia ramani. Albamu ya kwanza ya Kiba, Cinderella, ilitoka mwaka 2007. Ya pili, Ali K 4Real, mwaka 2009. Wakati huo hakukuwa na mkoa unaoitwa Songwe. Tunduma ilikuwa Mbeya, Vwawa ilikuwa Mbeya, Ileje ilikuwa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa.

Kijana wa Maporomoko au Sogea aliyeupenda wimbo Cinderella mwaka 2007 aliununua kwenye kanda au CD, mara nyingi iliyorudufiwa, ikiwa imepangwa sokoni pamoja na mitumba na betri za redio. Alipotaka kuona soka la Ligi Kuu alipanda basi kwenda Uwanja wa Sokoine, Mbeya mjini. Alikuwa na nywele, alikuwa hana mke, na mpenzi wake alikuwa akisoma sekondari ya mbali.

Katika hiyo miaka 12, Simba ilichukua ubingwa bila kufungwa msimu wa 2009/10 ikiwa na kocha Mzambia, Patrick Phiri. Azam nayo ikafanya hivyohivyo 2013/14. Msimu huohuo Mbeya City ilipanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu, na watu wa Tunduma wakahesabu ile ni timu yao kama ilivyokuwa ya watu wa Mwanjelwa. Simba ikakaa misimu mingi bila taji, kisha ikachukua manne mfululizo. Kituo cha Pamoja cha Forodha kilifunguliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli pamoja na Rais Edgar Lungu wa Zambia.

Mambo yote hayo yalipita. Albamu ya Kiba haikutoka.

Siyo kwamba alikuwa amelala. Mwaka 2010 alikuwa mmoja wa waimbaji wa Afrika waliokusanywa kwenye mradi wa One8 na kurekodi wimbo Hands Across the World ulioandikwa na R. Kelly. Kwenye kikosi kile alikuwamo 2Face wa Nigeria, Fally Ipupa wa Congo na JK wa Zambia. Kwa mtu wa Tunduma jambo hilo lilikuwa na ladha yake. Kulikuwa na wa kwetu mmoja na wa ng'ambo ya geti mmoja, jezi moja.

Baada ya pale akapunguza kasi, kisha akanyamaza.

ALISHAWAHI KURUDI

Wanaosema Kiba alirudi 2021 wanasahau kwamba alishawahi kurudi mara nyingine, Julai 2014, baada ya takriban miaka mitatu ya ukimya. Alirudi na Mwana, wimbo wa binti aliyeondoka nyumbani akaenda kupotelea mjini, akiwaacha wazazi na wasiwasi. Haukuwa wimbo wa kuchezea kwanza. Ulikuwa wimbo wa kukaa kimya. Ukatikisa nchi.

Ule ndio urejeo uliompa deni. Mashabiki waliamini kwamba mtu anayeweza kunyamaza miaka mitatu na kuja na Mwana, akinyamaza tena atakuja na kitu kikubwa zaidi. Kila mwaka uliopita bila albamu ukaongeza riba.

Mwaka 2016 akaja na Aje, akasaini Sony, na kwenye tuzo za MTV Ulaya akapata ushindi ambao watu wa soka wangeuita pointi za mezani: tuzo ya msanii bora wa Afrika ilitangazwa kwa Wizkid, baadaye ikarekebishwa ikawa ya Kiba. Mwaka 2017 akatoa Seduce Me. Mwaka 2018 akafunga ndoa Mombasa, na mwaka huohuo akafanya jambo lililowashangaza hata wale wasiojua wimbo wake hata mmoja.

Alisajiliwa Coastal Union.

Haikuwa utani wa Aprili Mosi. Coastal, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, ndio kwanza walikuwa wamerudi Ligi Kuu kwa msimu wa 2018/19, kocha akiwa Juma Mgunda, na jina la Kiba likawa kwenye orodha ya wachezaji. Kabla ya hapo alikuwa ameshirikiana na nahodha wa Taifa Stars, Mbwana Samatta, kucheza mechi ya hisani kati ya Timu Samatta na Timu Kiba kuchangia elimu. Kwa hiyo watu walijua mguu upo. Hakucheza mechi nyingi Coastal, na hakuna aliyetegemea awe mfungaji bora. Lakini alijifunza jambo ambalo waimbaji wengi hawalijui, kwamba uwanjani shabiki hakusubiri. Ukipoteza pasi mbili, anakwambia palepale.

Kwenye muziki mambo ni tofauti. Shabiki anaweza kukusamehe kwa miaka. Kundi la mashabiki wake linaloitwa Team Kiba lilikuwa linamsamehe kila siku, huku likiwa na kazi ngumu ya kujibu kejeli za upande wa pili. Mtani wao, Diamond Platnumz, alikuwa na albamu ya A Boy from Tandale tangu 2018. Harmonize akatoa Afro East mwaka 2020. Rayvanny, kijana wa Mbeya, akatoa Sound from Africa Februari 2021. Team Kiba wakawa kama mashabiki wa timu inayocheza mpira mzuri lakini kabati la makombe limefungwa. Kila wakifungua mdomo wanaulizwa, albamu iko wapi?

KIKOSI CHENYE MAPRO WENGI

Kisha ikaja. Ilikuwa Alhamisi, siku 12 baada ya Fiston Mayele kuifunga Simba bao lililoipa Yanga Ngao ya Jamii. Mji ulikuwa bado una kelele za Mayele na mtetemo wake, Wananchi wakitembea kifua mbele baada ya miaka ya kuonewa. Katikati ya kelele hizo, Only One King ikaingia.

Ukiisoma orodha ya wageni wake unaweza kudhani ni usajili wa dirisha kubwa. Rude Boy wa Nigeria yupo kwenye Salute. Mayorkun, Mnigeria mwingine, yupo kwenye Jealous. Patoranking yupo kwenye Bwana Mdogo. Sauti Sol wametoka Nairobi. Sarkodie katoka Ghana. Blaq Diamond wametoka Afrika Kusini wakaimba Niteke. Vijana wa nyumbani, Abdukiba, K2ga na Tommy Flavour, wakapewa namba kwenye Ndombolo.

Hapo ndipo mjadala ulipogawanyika, na ulivyogawanyika ulifanana sana na mjadala wa timu zetu.

Upande mmoja uliona ule ni ukubwa. Msanii wa Tanzania anapowaita majina yale na yakaja, tena bila yeye kuonekana mdogo mbele yao, ni heshima ya nchi. Kwa hoja hiyo, albamu ile ilikuwa kama timu inayotaka hatua ya makundi Afrika. Huwezi kwenda huko na wachezaji wa mtaani kwenu tu. Salute ni ushahidi wao mkubwa: sauti ya Rude Boy na ya Kiba zimekaa pamoja kama beki wawili wa kati waliocheza misimu mitano.

Upande wa pili uliuliza swali la shabiki wa kizamani: mapro wakiwa wengi kiasi hiki, timu inabaki kuwa ya nani? Walisema mtu ambaye watu walimsubiri miaka 12 asingepaswa kushiriki kipaza sauti na wageni wengi hivyo. Watu hawakumsubiri Mayorkun. Walimsubiri yeye. Na zaidi ya hapo, jina la albamu ni la Kiingereza, majina ya nyimbo kadhaa ni ya Kiingereza, na baadhi ya midundo ingeweza kutoka Lagos au Accra bila mtu kushtuka.

Pande zote mbili zina hoja. Kuna mahali kwenye albamu hiyo msikilizaji anapata hisia za kuangalia timu yenye vipaji vinavyopishana kupiga mpira, kila mmoja akitaka kuonekana na video, na bao halifungwi. Nyimbo 16 ni nyingi kwa mtu ambaye nguvu yake kubwa haijawahi kuwa wingi. Kiba ni mwimbaji wa kuchagua neno moja na kulivuta mpaka lilie. Ukimpa mdundo unaokimbia sana, unamfanya winga wakati yeye ni namba kumi.

Lakini wengi waliotoa hukumu walifanya hivyo usiku wa kwanza. Waliisikiliza kama watu wanavyoangalia kikosi kwenye karatasi kabla ya mpira kuanza. Tunduma wao wana utaratibu tofauti, na hawakuupanga. Walilazimishwa na foleni.

FLASHI IKIJAA

Dereva anayevuka mpaka huu ana tatizo la mtandao. Ukishapita geti la Nakonde, laini ya Tanzania inaanza kukatika na laini ya Zambia inachukua nafasi. Ndiyo maana watu wengi hapa wana laini mbili, kama walivyo na noti za shilingi na za kwacha kwenye mfuko mmoja. Kusikiliza muziki kwa bando ukiwa safarini kuelekea Lusaka au Kasumbalesa ni kujitafutia hasara. Muziki wa safari unabebwa kwenye flashi au memori kadi, uliojazwa kwenye vibanda vya kurushia nyimbo kabla ya kuondoka.

Flashi ina mwisho. Ikijaa, lazima ufute. Na hapo ndipo hukumu halisi ya albamu inapotolewa, miezi mingi baada ya wachambuzi kusahau.

Nyimbo za kuruka zinafutwa kwanza. Siyo kwamba ni mbaya. Ni kwamba nyimbo za kuruka huzaliwa kila wiki, na mpya inaitoa ya zamani kama mchezaji wa akiba anayeingia na miguu yenye nguvu. Ndombolo ilipigwa kwenye harusi na vigodoro mpaka watu wakachoka kwa furaha, kisha zikaja nyingine. Hiyo ndiyo kazi yake na aliifanya.

Zinazobaki ni zile zinazomfaa mtu aliye peke yake saa nane usiku. Na kwenye albamu hiyo, wimbo unaobeba kazi hiyo kuliko wote ni Utu. Ni wa mapenzi, ni wa taratibu, jina lake ni la Kiswahili, na hakuna mgeni hata mmoja. Ni Kiba na sauti yake. Yale yote ambayo upande wa pili wa mjadala ulilalamika kwamba yamekosekana, yapo pale.

Kwa nini mahali kama Tunduma wimbo wa namna hiyo uwe na uzito? Kwa sababu huu ni mji wa watu walioachana kwa muda. Dereva yuko hapa, mke yuko Kibaha. Mama mfanyabiashara yuko hapa, mume yuko Kitwe. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, ukoo mmoja wenye vitambulisho vya nchi mbili. Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya corona, watu hawakuhitaji kuelezwa maana ya kumpenda mtu aliye upande wa pili wa geti. Mwaka uliofuata ikaja albamu ya mapenzi kutoka kwa mtu ambaye naye alikuwa amewaacha mashabiki wake kwa miaka.

Wapo wanaume ambao hawajui kuandika ujumbe wa kubembeleza. Mkono umezoea usukani, ukishika simu unaandika mafuta kiasi gani, mzigo umefika wapi, mtoto kalipiwa ada. Mtu wa hivyo akikosea nyumbani, anatuma wimbo. Hasemi kitu. Anautuma tu kwa WhatsApp, kisha anakaa kwenye kabini anaangalia zile alama mbili zigeuke bluu. Wimbo ukichaguliwa vibaya, ugomvi unaongezeka. Ukichaguliwa vizuri, simu inaita.

Hapo ndipo wimbo wa mapenzi unapocheza fainali yake, na idadi ya watazamaji mtandaoni haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kama umeaminiwa kubeba ujumbe wa mtu asiyejua kusema. Kwa kipimo hicho, mwimbaji akitumia lugha ya wageni ili asikike Lagos, anampunguzia silaha dereva wa Tunduma. Akiimba Kiswahili chake cha kawaida, kile kilichomtoa kwenye Cinderella, anampa.

CHAMA NAYE ALIRUDI

Mashabiki wa soka wa mpakani wana mfano wao wa karibu wa mtu anayerudi, tena ni wa kipindi hichohicho.

Agosti 2021, Clatous Chama aliondoka Simba akaenda RS Berkane ya Morocco. Kwa Mnyama yule hakuwa kiungo tu. Alikuwa raha. Kwa watu wa Nakonde alikuwa Mzambia anayeimbwa na Dar es Salaam nzima, na kwa watu wa Tunduma alikuwa sababu ya kuwatania jirani zao kwamba mali yao nzuri imekuja kwetu. Wakati Only One King inatoka, Chama alikuwa Morocco. Januari 2022 akarudi Msimbazi.

Alipokewa kama mfalme. Lakini kila aliyekuwa anaangalia mpira kwa jicho la pili alijiuliza jambo moja: amerudi yule yule, au amerudi jina? Hakuna aliyeuliza Berkane kulikuwa na wachezaji gani. Walitaka kuona kama ile pasi ya kisigino, ile ya kupenyeza mpira mahali ambapo macho ya kawaida hayaoni mwanya, bado ipo mguuni.

Ndivyo ilivyo kwa anayerudi. Watu hawataki aje na vitu vipya vingi ili kuthibitisha kwamba alikuwa anajifunza. Wanataka kile kimoja walichokikosa. Akishawapa hicho, anaweza kuongeza mengine na watayapokea. Akianza na mengine, watakaa wanasubiri kile, na albamu itaisha wakiwa bado wanasubiri.

Na mapenzi ya mashabiki yana upande wake mchungu, ambao watu wa Songwe wanaujua. Julai 2024, Chama akaenda Yanga. Waliokuwa wanamwimba wakatafuta maneno mengine. Miezi michache kabla ya hapo, Januari 21, 2024, Taifa Stars ilikutana na Zambia kwenye Afcon kule San Pedro, Ivory Coast. Simon Msuva akafunga dakika ya 11. Zambia wakabaki pungufu kabla ya mapumziko. Tunduma ikaanza kusherehekea mapema, Nakonde ikanyamaza. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa na kelele zikahamia upande wa pili wa geti. Kwenye mji ambao watu wanaoleana kuvuka mpaka, kuna nyumba usiku ule zilikuwa na mshindi na mwenye majonzi kitanda kimoja, ingawa matokeo yalikuwa sare.

Ndiyo maana lugha yetu haikukosea ilipowaita watu hawa wapenzi wa soka. Anayekesha kwa ajili ya timu na anayekesha kwa ajili ya mtu wanafanana. Wote wanajua kusubiri, wote wanajua kusamehe, na wote wakidanganywa mara moja hukumbuka.

KOMBE LILIKUJA

Kwa upande wa makombe, Kiba hana deni. Tuzo za Muziki Tanzania ziliporudi mwaka 2022 baada ya kusimama kwa miaka kadhaa, Only One King ilitajwa albamu bora ya mwaka 2021. Team Kiba wakapata cha kuweka kabatini, na swali la albamu iko wapi likafa siku hiyo.

Lakini kombe halimalizi ubishi, kama ambavyo bingwa wa ligi anaweza kuambiwa mpira wake haukuvutia. Ukiisikiliza leo, muda mrefu baada ya kelele kupoa, mambo matatu yanaonekana wazi.

La kwanza, sauti ya Kiba haikuwa imezeeka. Miaka 12 baada ya Ali K 4Real bado anaweza kushuka chini bila kupotea na kupanda juu bila kupiga kelele. Waliokuwa na hofu kwamba amerudi jina tupu walikosea.

La pili, walioipenda kwa sababu ya wageni na walioichukia kwa sababu ya wageni walikuwa wanaangalia kitu kimoja, orodha ya majina. Wageni hawakuiharibu albamu na hawakuiokoa. Salute ni wimbo mzuri, na baadhi ya ushirikiano mwingine ni mechi za kirafiki ambazo zilichezwa, watu wakapiga makofi, wakaenda nyumbani.

La tatu ndilo kubwa. Kwenye albamu iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika nzima, kilichokwenda mbali zaidi moyoni ni kile kilichotengenezwa kama vile hakikutaka kwenda popote. Mtu mmoja, Kiswahili, taratibu. Kama angerudi na nyimbo nane za namna ya Utu, huenda asingezungumzwa sana Lagos, lakini deni la 2014 lingelipwa lote kwa siku moja. Alichofanya ni kulilipa kwa awamu. Wengine wameridhika. Wengine bado wana risiti mkononi.

Hilo ni jambo la kukumbuka kwa yeyote anayejiandaa kurudi, awe msanii au mchezaji. Waliokusubiri hawakukusubiri ili uwaoneshe marafiki wapya uliopata safarini.

Saa tisa usiku, kibanda umiza kinafungwa kweli sasa. Benchi zinasukumwa ukutani, spika inachomolewa. Huko mbele injini zinaanza kuwashwa moja baada ya nyingine, maana foleni imeanza kusogea kuelekea getini. Dereva anaamka, anamgusa utingo begani, anatoa breki. Laini ya Tanzania itakata muda wowote. Kwenye redio ya lori flashi inawaka taa yake ndogo nyekundu, na wimbo unaoanza ni ule ambao hajawahi kuufuta.